Umepangiwa Darasa la Kwanza? Nunua kaunta buku kwanza

Februari 2013 niliripoti kwenye shule ya msingi moja mkoani Simiyu nikiwa na begi, godoro lililofungwa kamba na cheti cha ualimu daraja la A. Mwalimu mkuu alinipokea vizuri. Akaniuliza kabila, nikamwambia Mbondei wa Muheza, akacheka, akasema huku machungwa utayasikia tu. Kisha akanikabidhi rejista ya Darasa la Kwanza. Ofisini wenzangu wakanifariji: "Madam, wale hawana kazi, ni kuimba tu."

Na wewe utaambiwa hivyo hivyo. Shule nyingi mwalimu mgeni ndiye anayetupiwa Darasa la Kwanza, wazoefu wanabaki na la saba kwa sababu lina mtihani. Ni sawa na kumpa mwanagenzi ajenge msingi wa nyumba halafu fundi mkuu apake rangi, lakini huo ni ugomvi wa siku nyingine. Hapa nataka nikueleze namna ya kuwajua watoto wenyewe. Chuoni tulifundishwa somo, saikolojia tukaikariri kwa ajili ya mtihani, na hakuna aliyeniambia kwamba mtoto wa miaka saba anaweza kukaa mbele yako muhula mzima, jibu analo, na asiseme.

"Ndiyooo mwalimuuu"

Nilikuta watoto 96 na madawati 22. Wakasimama, wakaniamkia kwa wimbo, nikaitika. Nikafundisha herufi a kwa ule mwendo wetu wa Tanga, maneno yanakimbizana. Nikauliza, "Mmeelewa?" Wakajibu "Ndiyooo mwalimuuu!" mpaka popo darini wakashtuka. Nikafurahi. Nikasema, "Haya, fungueni madaftari, andikeni." Wakafungua kama kumi hivi, wale wa mbele. Wengine walikuwa wanawatazama hao kumi wanafanya nini, ndipo nao wakafungua. Wa nyuma kabisa hawakufungua chochote. Walikaa wakinitazama kwa adabu.

Ile "ndiyo" ni salamu, mwenzangu. Mtoto amelelewa kwamba mkubwa akiuliza unaitikia, na ukisema hujaelewa ni kama umemwambia mkubwa hajui kazi yake. Kwa hiyo lifute hilo swali kabisa. Agiza kitu kinachoonekana kwa macho: "Andika a hewani kwa kidole." "Nikitaja neno linaloanza na m inua kisoda kimoja, linaloanza na n inua viwili." Watoto wakiinua, usiangalie kwanza nani kapata na nani kakosa. Angalia nani alimtupia jirani jicho kabla ya kuinua. Huyo ndiye wa kuanza naye. Ama hajui, ama anajua lakini hakusikia, ama alisikia na lugha ikamkatalia. Ni matatizo matatu tofauti, na mwalimu mpya huyaita yote kwa jina moja: mzito.

Kaunta buku

Nunua kaunta buku ya kwaya mbili, lile daftari nene la jalada gumu, kwa hela yako. Ndiyo, kwa hela yako, usisubiri ofisi. Kila mtoto ukurasa mmoja. Rejista inakuambia aliyekuja na asiyekuja. Kaunta buku inakuambia ni nani.

Anza na majina, maana majina ya watoto ni barua kutoka nyumbani. Mimi sikujua hilo mpaka mama mmoja muuza nyanya aliponieleza. Usukumani mapacha ni Kulwa na Doto, na anayezaliwa baada yao ni Shija. Kwa hiyo nikimkuta Shija kwenye rejista, najua nyumbani kuna mapacha waliomtangulia. Namuuliza, "Kulwa yuko darasa la ngapi?" Mtoto anashtuka, anatabasamu, anajiuliza huyu mgeni kajuaje. Mabula kwa kawaida kazaliwa wakati wa mvua. Ukiwa umepangiwa Kagera au Mtwara majina yatakuwa na habari zake, waulize akina mama sokoni. Usimuulize mtoto mwenyewe siku ya kwanza, utamtisha.

Chini ya jina andika anaishi na nani. Si "mzazi", andika ni nani hasa: bibi, mama mdogo, kaka wa darasa la sita. Andika njia anayopita na kama kuna mto. Halafu acha nafasi ya mambo utakayoyaona.

Sasa kazi yenyewe. Kila siku wakati wa mapumziko ita watoto watano, mmoja mmoja, chini ya mti, mbali na wenzao. Watoto 96 kwa watano kila siku ni wiki nne, na hutapoteza kipindi hata kimoja. Kwa kila mtoto dakika tano zinatosha. Mwonyeshe herufi kumi ulizoandika kwenye kipande cha boksi, ahesabu visoda mpaka aishie mwenyewe, achore mtu kwenye mchanga kwa kijiti. Mwisho mpe agizo la hatua tatu: "Chukua chaki, iweke juu ya jiwe, kisha rudi ukae."

Hilo agizo ndilo lenye siri. Akishindwa, usiandike kitu. Muite mtoto wa darasa la tatu au la nne amwambie maneno hayo hayo kwa lugha ya nyumbani. Mwaka ule wa kwanza watoto 41 walishindwa agizo kwa Kiswahili. Waliporudiwa kwa Kisukuma walibaki sita. Yaani watoto 35 niliokuwa nimeshawahukumu moyoni kwamba hawana akili walikuwa na akili timamu, ila mimi ndiye niliyekuwa nawaongelesha lugha ya redioni. Wale sita ndio waliokuwa wananihitaji zaidi, na nisingewaona kamwe kwa sababu walikuwa wamefunikwa na wale 35.

Najua Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia, na ni wajibu wako kuwafikisha huko. Lakini muhula wa kwanza azima mdomo. Punguza mwendo. Jifunze salamu. Asubuhi moja niliingia nikasema "Mwangaluka!" nikalitamka kama mtu mwenye pipi mdomoni. Darasa zima lilicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kwenye dawati, na siku hiyohiyo, kwa mara ya kwanza, watoto watatu walinisogelea wakati wa mapumziko kunieleza mambo yao. Kuchekwa ndiko kulikonifungulia mlango.

Masikio na macho kabla ya akili

Hapa nina deni, acha nilitaje. Kulikuwa na mvulana mmoja alikuwa anakaa nyuma karibu na mlango. Nilimwita mara tatu aje ubaoni, akawa anachezea kamba ya mfuko wake. Nikamfuata, nikamchapa rula kiganjani. Hakulia. Alitazama kiganja chake, kisha akanitazama mdomo. Mdomo, si macho. Niliondoka nikiamini ni jeuri.

Ilinichukua wiki mbili kuelewa alikuwa anatafuta nini mdomoni kwangu. Dada yake wa darasa la nne ndiye aliyenieleza kwamba sikio lake la kushoto linatoa usaha tangu alipokuwa mdogo, na la kulia linasikia "kidogo kidogo". Tulimpeleka zahanati na bibi yake. Usaha ulikauka kwa dawa, ila usikivu haukurudi wote. Nilimhamishia mbele, nikawa sisemi neno bila kumgeukia. Kufikia Septemba alikuwa anasoma silabi.

Kwa hiyo fanya hivi kabla hujampa mtoto jina lolote. Wakiwa wanaandika, simama nyuma ya mmoja, hatua mbili tatu, mtaje jina kwa sauti ya chini. Asipogeuka, rudia kesho ukiwa upande wa pili. Kwa macho, mtafute yule anayekunja uso, anayelaza kichwa upande, na hasa yule anayenakili vizuri kutoka kwa jirani lakini kutoka ubaoni anaandika vitu vya ajabu. Ukimpata, msogeze mbele leo leo, kisha mwambie mzazi ampeleke hospitali ya wilaya wakapime. Mzazi atakwambia mtoto mdogo havai miwani. Mwambie tena mwezi ujao.

Na kuhusu fimbo: kanuni inasema viboko visizidi vinne, na anayevitoa ni mwalimu mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, tena viandikwe kwenye daftari la adhabu. Rula yangu siku ile haikuwa na ruhusa ya mtu yeyote. Wewe utakuta shule ambazo kila mwalimu anatembea na fimbo kama mchunga ng'ombe. Usiige. Mtoto wa darasa la kwanza akishachapwa kwa kukosea anajifunza jambo moja haraka sana, nalo ni kutojibu kabisa.

Mdako

Kama una muda wa kujifunza kitu kimoja tu, katazame watoto wakicheza.

Kulikuwa na binti ambaye kuanzia Februari mpaka Mei sikuwahi kusikia sauti yake. Ukimuuliza "saba toa tatu" anainamisha kichwa, anakuna mguu mmoja kwa mwingine, basi. Kwenye kaunta buku niliandika kwa kalamu nyekundu: hajui namba. Siku moja nilikuwa zamu, nikapita nyuma ya vyoo, nikamkuta na wenzake watatu wanacheza mdako.

Kama hujawahi kucheza, ni hivi. Mnachimba kishimo, mnajaza kokoto. Unarusha kokoto moja juu, na ikiwa bado hewani unachota nyingine kutoka kishimoni kwa mkono uleule, kisha unaidaka. Ukirusha tena, unazirudisha ulizochota ubakize nje idadi inayotakiwa: raundi ya kwanza moja moja, ya pili mbili mbili, ya tatu tatu tatu. Ukikosea hesabu, umetoka.

Walikuwa raundi ya tatu. Binti akarusha, akachota kokoto saba. Akarusha tena. Jiwe likiwa hewani mkono wake ulishuka, ukasukuma nne shimoni, ukaacha tatu, ukarudi kudaka. Hakuhesabu kwa kidole. Hakutikisa mdomo. Mwenzake alipobisha, alimjibu kwa ukali ambao sikuwahi kuudhania.

Saba toa tatu. Kwa muda wa jiwe kupanda na kushuka.

Kesho yake nilichora duara kwa chaki sakafuni, nikaweka visoda saba, nikamwita yeye na wale rafiki zake watatu, si peke yake. Nikasema, "Bakiza tatu." Akasukuma vinne. "Umerudisha ngapi?" Akaonyesha vidole vinne, halafu akasema kwa sauti ya chini, kwa Kisukuma. Nilielewa bila mkalimani, maana namba zao na zetu ni ndugu. Nikaandika ubaoni 7 - 3 = 4, nikamwambia, "Hivi ulivyocheza ndivyo vinavyoandikwa." Alikitazama kile kimstari cha kutoa kwa muda mrefu sana.

Alichokosa ni kimstari, basi, hesabu alikuwa nayo. Tangu hapo kila mwaka hesabu za kutoa nazianzia kwenye mdako, na wavulana nawaanzia kwenye gololi. Mchungaji nampa ng'ombe: "Ulitoka na ng'ombe tisa, wawili wameingia shamba la pamba la mzee, umebaki na wangapi?" Atakujibu, na atakwambia na faini ni kiasi gani.

Makosa ambayo si makosa

Mtoto akigeuza b ikawa d, tulia. Wengi wanafanya hivyo mpaka miaka saba au nane, na karibu wote huacha wenyewe. Mimi nawaambia b ni baba, kitambi kiko mbele. D ni dada, kambeba mtoto mgongoni. Tunasimama, tunaonyesha kwa miili yetu, tunacheka, tunarudi kuandika.

Usukumani utakuta pia l na r zinabadilishana viti. "Mwalimu, sina karamu." Usicheke, na usimsahihishe mbele ya watu kila anapofungua mdomo. Sikio lake bado halijatenga sauti hizo mbili. Mpe michezo ya kusikia kwanza, kula na kura, mahali na mahari, muda wa wiki kadhaa, kabla ya kumdai kwenye daftari. Hata watu wazima wenye digrii zao huchanganya, nenda kwenye mkutano wowote wa hadhara usikilize.

Tumbo, usingizi na kuomba ruhusa

Anayesinzia saa nne asubuhi, muulize aliamka saa ngapi na alikula nini. Usimuulize "kwa nini unalala?", swali hilo halina jibu. Wengine hutoka nyumbani gizani. Wengine wana michembe mfukoni, vile viazi vikavu, ndiyo kifungua kinywa na ndiyo chakula cha mchana. Msimu wa mpunga kukomaa wengine wametoka kuwinga ndege shambani tangu alfajiri. Siku ya mnada darasa linapungua robo, kwa hiyo usianze silabi mpya siku hiyo, fanya marudio.

Anayeomba kwenda chooni kila baada ya dakika ishirini anaweza kuwa mtoro, anaweza pia kuwa na kichocho. Huku kwetu madimbwi na majaruba ndiyo mahali pa kuogelea. Muulize taratibu kama anapokojoa inauma au ana damu, na kama ni binti mwombe mwalimu wa kike amuulize ikiwa wewe ni mwanamume. Dawa za kichocho na minyoo zikiletwa shuleni, hakikisha wamekula kwanza. Zikimezwa na tumbo tupu utashinda unafagia matapishi.

Nyumbani kwao

Nenda. Si kwa wote, hutaweza, nenda kwa wale sita. Mtafute mwenyekiti wa kitongoji akusindikize mara ya kwanza, na usiende na rejista mkononi, watadhani umekuja kwa mambo ya utoro. Ukipewa kigoda kaa, ukipewa maziwa kunywa. Anza kwa kusema jambo moja zuri ambalo mtoto amelifanya wiki hiyo, liwe la kweli na dogo: "Alimwazima mwenzake kalamu." Bibi akisikia hivyo atakueleza yeye mwenyewe mambo ambayo usingethubutu kuyauliza. Kwa ziara moja ya nusu saa nilijua kwa nini mtoto mmoja alikuwa analia kila tukiimba wimbo wa mama. Wimbo ule nimeuacha.

Makundi

Hapa nilikosea mara mbili. Mwaka 2015 ulipokuja mtaala wa KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, nilirudi darasani na ari, nikagawa darasa makundi matatu: Simba, Twiga na Sungura. Siku ya nne mtoto akaniambia, "Mwalimu, Sungura ndio wajinga, eeh?" Nikabadilisha majina yakawa ya matunda, wakagundua kwa siku mbili. Watoto wanajua kupimwa kuliko sisi tunavyojua kupima.

Ninachofanya sasa ni kugawa kwa kazi. Jumatatu naita "waliokwama na mb na nd" waje mkekani, na ndani yake yumo hata anayeongoza darasa, kwa sababu kweli kakwama hapo. Jumatano naita wa kutoa, na msomaji mzuri anajikuta kando ya yule binti wa mdako, na binti ndiye anayemwonyesha. Mwaka 2016 michango ya wazazi ilipofutwa nilipata watoto 141, na mpango huu ulishikilia hivyo hivyo, ila mkeka mmoja haukutosha, tukaongeza maturubai ya viroba.

Kukabidhi

Desemba utamkabidhi mwalimu wa darasa la pili. Ataomba orodha ya alama, mpe. Kisha kaa naye saa moja na kaunta buku, kwa wale ambao alama haziwasemi. Neno "mzito" lisiwemo, wala "mvivu". Andika anachoweza na alipokwama: "Anasoma silabi za herufi mbili, anakwama kwenye ng'. Anaongea akiwa na dada yake. Asubuhi asiulizwe wa kwanza."

Yule mvulana wa rula nilimwandikia: "Anasikia kwa sikio la kulia. Akae mbele, upande wa dirishani." Mwalimu wa la pili, mzee aliyebakiza miaka miwili astaafu, mtu wa maneno machache, aliusoma ukurasa, akavua miwani.

"Madam, darasa langu limegeukia upande mwingine na la kwako. Dirisha la kwangu liko kulia kwao."

Tukatoka wote wawili kwenda kukaa kwenye dawati lile, mmoja mmoja, tukigeuza shingo, tukitafuta ni kona ipi sauti ya ubaoni ingelifikia sikio la kulia.